Kondishena na Haki ya Kupima

Makoongwe ni kisiwa kidogo kilichokaa mkabala wa Mkoani, bandari ya kusini mwa Pemba. Atakaye kitu kisichopatikana katika maduka ya kisiwani hupanda chombo, akavuka, akanunua, kisha akavuka tena kurudi. Kwake yeye gharama ya bidhaa si bei ya duka peke yake, bali ni bei hiyo pamoja na nauli na muda wa safari. Basi mama anayerejea Makoongwe na chupa ya kondishena mkobani amelipa zaidi ya wenziwe wa mjini. Chupa yenyewe imeandikwa kwamba kilichomo hushika unywele, huufunika, huulainisha na kuulinda. Maneno hayo huenda yakawa kweli. Lakini kuna maswali matatu ambayo chupa haiyajibu: Ni nani aliyepima? Alipima nywele za nani? Na alizisuuza kwa maji gani?

Makala haya yanashikilia kwamba maswali hayo ni ya sayansi wala si ya urembo tu. Kwamba majibu yake yanaweza kuanza kutafutwa katika shule yoyote ya sekondari, hata ya kisiwani. Na kwamba taifa linalonunua bidhaa hizi kila siku bila ya kuzipima kwa nywele zake na kwa maji yake limewaachia wengine haki ambayo ni yake. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Siku hizi kizuri na kibaya vyote vinajitembeza kwa sauti moja, na kipimo ndicho kitakachovitenga.

Ieleweke tangu mwanzo kwamba kondishena inayozungumziwa hapa siyo ile dawa kali ya kunyoosha nywele. Dawa ya kunyoosha ni alkali inayovunja vifungo vya ndani ya unywele, nayo yaweza kuunguza ngozi. Kondishena haivunji kitu. Kazi yake ni kuganda juu ya unywele baada ya kuoshwa na kupunguza msuguano, ili kitana kipite na unywele usikatike.

Unywele ulivyo

Unywele umejengwa kwa protini iitwayo keratini. Unene wake ni baina ya maikromita 50 na 100 hivi. Yaani nywele kumi hadi ishirini zikipangwa ubavu kwa ubavu hufikia upana wa milimita moja. Nje yake pana magamba membamba yaliyolaliana kama makuti juu ya paa, na kingo zake zote zimeelekea nchani. Mtu akiupitisha unywele baina ya vidole kutoka shinani kwenda nchani huhisi ulaini. Akirudi kinyume huhisi ukwaruzo. Magamba yakichakaa na kunyanyuka, nywele hukwaruzana, kitana hukwama, na nguvu ya mkono huukata unywele.

Jambo la pili ni chaji za umeme. Katika keratini mna makundi ya asidi na makundi ya besi. Katika maji yenye pH ya 3.7 hivi chaji chanya na chaji hasi juu ya unywele hulingana. Maji ya kuogea kwa kawaida yana pH iliyo juu sana kuliko hiyo, kwa hiyo unywele uliolowa huwa na chaji hasi. Zaidi ya hayo, jua kali na dawa za kubadili rangi huvunja vifungo vya salfa vilivyomo ndani ya keratini na kuzaa asidi yenye chaji hasi imara. Unywele ulioharibika huwa na chaji hasi nyingi kuliko unywele mzima, na penye uharibifu ndipo kitu chenye chaji chanya kinapovutwa zaidi.

Namna tatu za kukaa juu ya unywele

Watu wa pwani walijua tangu zamani kwamba vitu havikai juu ya unywele kwa namna moja. Hina ni mfano wa kwanza. Rangi yake, ambayo wanakemia huiita losoni, ni molekuli ndogo inayoungana na keratini kwa kifungo cha kemia. Maji na sabuni haviitoi. Huondoka polepole, au hungoja unywele ukue na kukatwa.

Mfano wa pili ni mafuta ya nazi. Mwaka 2003 watafiti wawili wa India, Aarti Rele na R. B. Mohile, walitangaza matokeo ya kulinganisha mafuta ya nazi, mafuta ya alizeti na mafuta ya madini. Katika hayo matatu, ni ya nazi tu yaliyopunguza upotevu wa protini ya nywele, yakipakwa kabla au baada ya kuosha. Sababu waliyoitoa ni kwamba mafuta ya nazi yana wingi wa asidi ya lauriki, ambayo molekuli yake ni fupi na imenyooka, hivyo huweza kupenya ndani ya unywele. Kwa hiyo bibi aliyemkanda mjukuu wake mafuta ya nazi kabla ya kumwosha kichwa hakuwa akifuata mazoea matupu. Hata hivyo ilihitajika mizani ya maabara ili jambo hilo litoke katika mazoea na kuingia katika ujuzi unaoweza kutetewa mbele ya mtu yeyote.

Mfano wa tatu ni polima za kondishena. Polima ni molekuli ndefu mno iliyofanywa kwa vipande vingi vilivyoungana kama shanga katika uzi. Mojawapo inayojulikana sana ni polikwateniamu-10, ambayo chimbuko lake ni selulosi, yaani kile kile kinachojenga pamba na miti; wanakemia huipachika makundi yenye chaji chanya. Chanya huvutwa na hasi, nayo polima huulalia unywele. Kifungo kimoja cha namna hii ni dhaifu, lakini polima hushika mahali pengi kwa pamoja. Mvuvi anayemng'oa pweza mwambani anajua maana yake: ukiubandua mkono mmoja, mingine ingali imeshika, na ukiushughulikia wa pili, ule wa kwanza umekwisha kurudi. Ndiyo sababu maji ya kusuuzia huondoa povu lote na kuiacha polima mahali pake.

Jinsi wanasayansi wanavyopima

Kuganda huko hakuonekani kwa macho, kwa kuwa utando wenyewe ni mwembamba mno. Kwa hiyo zimebuniwa njia nyingi, na kila njia hujibu swali lake. Inafaa mwanafunzi azijue tatu.

Njia ya kwanza hujibu swali la kiasi. Katika miaka ya 1970 E. D. Goddard na wenzake wa kampuni ya Union Carbide ya Marekani walitumia polima iliyotiwa alama ya mnururisho. Waliziloweka nywele, wakazisuuza, kisha wakapima mnururisho uliobaki. Kwa njia hiyo ilidhihirika kwamba kiasi kinachoganda hubadilika kwa muda wa kuloweka, kwa hali ya unywele, kwa sabuni iliyomo na kwa chumvi iliyomo majini.

Njia ya pili hujibu swali la kuwapo. Unywele hutiwa katika rangi yenye chaji hasi. Palipo na polima yenye chaji chanya, rangi hushika. Pasipokuwapo, rangi haishiki sana. Mwaka 1980 R. J. Crawford na C. R. Robbins walieleza rangi mpya ya kazi hiyo, mahali pa ile iliyokuwa ikitumika zamani. Njia hii haina gharama kubwa, lakini ina mpaka wake: haitofautishi polima na vilainishi vingine vyenye chaji chanya ambavyo viwanda huvichanganya humo humo.

Njia ya tatu hujibu swali la faida. Mwaka 1976 M. L. Garcia na J. Diaz walieleza jinsi ya kupima kwa mashine nguvu inayohitajika kupitisha kitana katika kishungi cha nywele. Nguvu ikipungua baada ya kutia kondishena, kondishena imefanya kazi yake.

Njia hizi hazifai kuchanganywa. Kushika sana na kufaa sana ni mambo mawili. Polima inayoganda mno bila ya kutoka huongezeka kila wiki juu ya ile ya wiki iliyopita, mpaka nywele zikawa nzito na kunata. Kipimo chema basi si cha mara moja, bali hurudiwa baada ya kuosha mara kadhaa. Mtangazaji anayesema bidhaa yake "hushika zaidi" amesema nusu ya habari.

Nywele za nani, maji gani?

Hapa ndipo penye hoja yenyewe. Kwa muda mrefu vipimo vya kitana vimefanywa zaidi kwa vishungi vya nywele zilizonyooka, kwa kuwa ndizo zinazopatikana kwa wepesi huko penye maabara hizo, na pia kwa kuwa hutoa namba zisizotawanyika. Mwaka 2007 watafiti wa kampuni ya L'Oréal ya Ufaransa walitangaza mpango wa kuzigawa nywele za wanadamu katika aina nane kwa kadiri ya msokoto wake. Kugawa ni hatua njema. Lakini mgawo huo wenyewe unathibitisha kwamba namba iliyopatikana kwa aina ya kwanza haiwezi kubebwa vivi hivi na kupachikwa juu ya aina ya nane.

Sababu ni ya fizikia. Katika nywele zilizonyooka, kitana hupigana zaidi na msuguano wa juu ya unywele. Katika nywele za kipilipili, kitana hupigana na msuguano na pia na mafundo, kwa kuwa kila unywele umejizungusha na kuwashika wenziwe. Aidha, penye kona ya msokoto ndipo mkazo unapojikusanya na ndipo unywele unapokatika. Polima iliyopunguza nguvu kwa nusu katika kishungi kilichonyooka yaweza kupunguza kidogo tu, au ikapunguza zaidi, katika kishungi cha kipilipili. Jibu halipatikani kwa kubahatisha.

Maji nayo yana neno. Visiwa vya matumbawe vimejengwa kwa chokaa, na maji ya visima vyake aghalabu huwa na chokaa iliyoyeyuka, na mara nyingine chumvi ya bahari. Ioni za chumvi na chokaa zina chaji chanya, nazo huwahi kuuzingira unywele na kuziba zile chaji hasi ambazo polima ilizitaka. Tena katika shampuu nyingi polima haigandi chupani wala katika povu zito, bali hujitenga na kuganda wakati ule maji ya kusuuzia yanapoipunguza nguvu sabuni. Ikiwa kuganda kunatokea wakati wa kusuuza, basi maji ya kusuuzia ni sehemu ya dawa. Aliyepima kwa maji laini ya maabara hakupima kwa maji ya kisima cha kisiwani.

Mwani na tahadhari yake

Pemba ina sababu nyingine ya kujali jambo hili. Katika miaka ya 1970 Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alifanya utafiti mwingi wa mwani wa Tanzania, na mwaka 1989 kilimo cha biashara kilianza Zanzibar kwa mbegu zilizotoka Ufilipino. Wakulima wengi ni wanawake. Kwa sehemu kubwa mwani huuzwa nje ukiwa mkavu na kwa bei ndogo. Thamani huongezwa ng'ambo, unakotolewa karajinani. Kwa hiyo vikundi vya wanawake vimeanza kutengeneza sabuni na vipodozi vya mwani wenyewe. Hilo ni jambo la kupongezwa, na kwa ajili hiyo hiyo linastahili ukweli.

Karajinani nayo ni polima, lakini chaji yake ni hasi, kwa kuwa ina makundi ya salfeti. Mwani uitwao spinosamu, ambao ndio unaolimwa zaidi, hutoa karajinani yenye takribani makundi mawili ya salfeti kwa kila jozi ya sukari. Ule uitwao kotoni hutoa yenye moja. Hasi hukimbizana na hasi. Basi mtu akidai kwamba maji ya mwani peke yake hushika unywele kama kondishena, nadharia haimuungi mkono. Hiyo si kusema mwani haufai. Karajinani huzitoa sabuni na krimu katika umajimaji na kuzipa uzito, nayo hushika maji vizuri. Lakini anayeuza sifa isiyokuwapo atakuja kuumbuliwa na mwenye kipimo, na hasara haitakuwa yake peke yake bali ya kila mama aliyesimama majini akifunga mbegu katika kamba.

Upo pia upande wa matumaini. Mbegu za mlonge zina protini yenye chaji chanya. Ndiyo inayosafisha maji ya tope, kwa kuwa chembe za tope zina chaji hasi. Kanuni hiyo hiyo yatosha kuuliza: je, protini ya mlonge itashika unywele? Na je, mlonge na mwani vikichanganywa, chanya na hasi zitaungana na kuganda pamoja? Hayo ni maswali ambayo mwanafunzi wa Makoongwe anaweza kuyauliza kwa vitu vya nyumbani kwao.

Jaribio liwezekanalo shuleni

Kwa jaribio la rangi, nywele nyeusi hazifai kwa kuwa rangi haionekani juu yake. Zinahitajika mvi, na mvi wanazo wazee. Ziombwe kwa adabu, na mwenye nywele aelezwe zinakokwenda, kwa kuwa wengi hawapendi nywele zao zizagae. Zilizobaki zifukiwe au zirejeshwe. Mafungu matano ya uzito sawa yaoshwe kwa sabuni na kusuuzwa vyema. La kwanza lisitiwe kitu. Hilo ndilo la kulinganishia. La pili litiwe kondishena, la tatu mafuta ya nazi, la nne maji ya mwani uliochemshwa na kuchujwa, la tano maji ya mbegu za mlonge zilizotwangwa na kuchujwa. Yote yaachwe kwa muda mmoja na kusuuzwa kwa kiasi kimoja cha maji. Kisha yatiwe kwa dakika moja katika maji yenye rangi ya chakula, nyekundu au ile ya biriani, ambazo aghalabu ni rangi zenye chaji hasi. Yakisha kusuuzwa, yalinganishwe juu ya karatasi nyeupe.

Nadharia inatabiri kwamba fungu la kondishena litashika rangi kuliko la kwanza, na la mwani halitalizidi. La nazi lahitaji uangalifu, kwa kuwa mafuta yaweza kuizuia rangi ya maji kwa sababu isiyohusu chaji. La mlonge liamuliwe na jaribio. Ndimu isitiwe katika zamu ya kwanza. Katika zamu ya pili itiwe, ili wanafunzi waone jinsi asidi inavyoubadili unywele wenyewe ukawa na chaji chanya na kushika rangi hata bila ya dawa. Mwalimu atakayefika hapo amekwisha kufundisha asidi, besi, chaji na protini kwa somo moja.

Kwa jaribio la kitana, kishungi cha nywele zilizookotwa kwa msusi au kinyozi kifungwe na kuning'inizwa, na chanuo lifungwe kwenye mizani ya springi. Chanuo livutwe polepole kwa mwendo mmoja, na nguvu kubwa kuliko zote iandikwe kwa neutoni. Lirudiwe mara kumi. Vyombo vya dawa viandikwe A, B na C, na anayevuta asijue kilichomo. Ikiwa tofauti ya wastani ni ndogo kuliko mtawanyiko wa namba zenyewe, jibu la haki ni kwamba hakuna tofauti iliyoonekana. Kisha kazi yote irudiwe kwa maji ya mvua na kwa maji ya kisima.

Majibu kwa wenye shaka

Wako watakaosema kwamba nywele ni jambo dogo, na kwamba taifa lenye malaria na visima vya chumvi lina makubwa zaidi ya kupima. Lakini elimu ya polima yenye chaji kugandia kitu chenye chaji kinyume ndiyo ya kusafisha maji kwa mlonge, na ndiyo ya kutia nguo rangi. Mwanafunzi aliyeielewa juu ya unywele ameielewa kote.

Wengine watasema shule haina vifaa. Mizani ya springi, chanuo, rangi ya chakula na saa ndivyo vifaa vinavyotakiwa, na penye upungufu wa mizani hata chupa inayotiwa maji kidogo kidogo yaweza kuwa uzito wa kuvutia kitana. Kinachokosekana mara nyingi ni mazoea ya kuuliza.

Upande wa serikali pia una wajibu. Shirika la Viwango Tanzania kwa Tanzania Bara na Wakala wa Chakula na Dawa wa Zanzibar kwa visiwani wana kazi ya kusimamia vipodozi. Kazi yao ya kwanza ni usalama, na ndivyo ipasavyo. Lakini inafaa muuzaji anayedai kwamba dawa yake hushika, hulinda au hurutubisha aombwe kuonyesha kipimo kilichofanywa kwa nywele zinazofanana na za wanunuzi wake. Na inafaa vyuo vikuu na taasisi za utafiti viandae kishungi sanifu cha nywele za kipilipili, ili namba ya Pemba iweze kulinganishwa na namba ya Mwanza.

Hayo yakisubiriwa, shule isisubiri. Mama aliyevuka na chupa yake ana mtoto darasani. Mtoto huyo akirudi nyumbani na karatasi yenye namba kumi za A, kumi za B na kumi za C, pamoja na maelezo ya maji yaliyotumika, safari ijayo ya Mkoani mama atajua cha kununua, au atajua kwamba mafuta ya nazi ya jikoni yanamtosha.